Baba ana Parkinson na sasa anaanguka: tumwongezee dawa au akae tu kitini?

*Swali: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 74, tunaishi naye Tanga. Aligundulika kuwa na Parkinson miaka 6 iliyopita. Anatumia levodopa na carbidopa ya 25/100, kidonge kimoja mara tatu: saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, kila mara akishamaliza kula. Ana benzhexol kwa ajili ya mtetemeko, amlodipine ya presha miligramu 10 kila usiku, na kwa miezi mitatu sasa anameza Stugeron tuliyopewa duka la dawa kwa sababu ya kizunguzungu. Ndani ya miezi miwili ameanguka mara nne. Mara mbili ilikuwa alfajiri, kama saa 10 na nusu, akiamka kwenda haja ndogo kabla ya sala: ya kwanza pale pale kando ya kitanda, akasema macho yaliingia giza, ya pili ndani ya bafu. Mara ya tatu ni mlangoni mwa jiko, saa 7 mchana kabla ya kula, miguu ilikataa kabisa. Ya nne mjukuu alimwita, akageuka, akaenda chini kwa ubavu. Hajavunjika, amechubuka tu. Kaka zangu wanasema huo ni uzee, akae kitini, na wamemkataza kwenda msikitini. Mimi naona labda dawa haimtoshi. Jirani anasema tumnunulie kile kifaa cha kutembelea cha miguu minne. Tufanye nini?*

Marahaba, na poleni sana, wewe na mzee. Swali lako limenirahisishia kazi kwa jambo moja: kila anguko umelitaja na saa yake, mahali pake na alichokuwa akikifanya. Wengi huja kliniki na neno moja tu, "anaanguka", na kwa neno hilo peke yake daktari hana pa kuanzia. Hofu yako, nikiielewa vizuri, ni kwamba ugonjwa umemzidi nguvu na mmebaki na njia mbili: kumwongezea dawa au kumfungia ndani. Ninavyoyasoma maelezo yako, baba hana tatizo moja la kuanguka. Ana matatu yanayofanana kwa nje, na kila moja lina tiba yake. Sehemu kubwa ya tiba hiyo si vidonge.

Nianze na kaka zako. Uzee peke yake haumwangushi mtu mara nne ndani ya miezi miwili. Kuanguka kunaambatana na Parkinson: wagonjwa wanaofuatiliwa kwa mwaka mzima, takriban 6 kati ya 10 huanguka angalau mara moja, na wengi wao hurudia. Kuna maswali matatu ambayo hutusaidia kumtambua aliye hatarini zaidi. Je, ameanguka ndani ya miezi 12? Je, miguu imeganda, yaani imekataa kusonga, ndani ya mwezi huu? Je, mwendo wake ni wa polepole? Mawili ya kwanza umekwisha yajibu. La tatu lipimeni nyumbani: pimeni mita 4 sakafuni, atembee mwendo wake wa kawaida akiwa tayari yuko kwenye mwendo, na mtu ahesabu kwa saa ya simu. Akizidi sekunde 3.6, ni polepole. Majibu matatu ya "ndiyo" yanatosha kuomba apimwe upya kabla ya tarehe ya kliniki kufika.

Sasa tuone kinachotokea mwilini, maana bila hilo ushauri wote utaonekana kama orodha ya makatazo.

Parkinson huua polepole seli za eneo dogo jeusi lililo kwenye shina la ubongo, seli zinazotengeneza dopamini. Dopamini ndiyo inayouwezesha mwili kufanya mambo uliyoyazoea bila kuyafikiria: kutembea, kugeuka, kuinuka kitini, kukunjua mkono ili kujizuia ukijikwaa. Mtu mzima hatembei huku akijikumbusha "sasa kushoto, sasa kulia". Kwa baba yako, kutembea kumeanza kudai akili yake yote, kama mtoto anayejifunza. Ndiyo maana alianguka mjukuu alipomwita. Akili iliyokuwa ikiongoza miguu ilikwenda kwa mtoto, miguu ikabaki bila msimamizi, na papo hapo akawa anazungusha kiwiliwili. Miguu haikukifuata.

Mtetemeko ndio unaoonekana, kwa hiyo familia nyingi huupima ugonjwa kwa mkono unaotetemeka: ukitulia, amepona kidogo, ukizidi, dawa haitoshi. Lakini mtetemeko haumwangushi mtu. Kinachoangusha ni hatua fupi zinazoburuta, kuganda, presha inayoshuka anaposimama, na kupotea kwa ile nguvu ya mwili kujirudisha sawa unapoyumba. Hiyo ya mwisho haitegemei dopamini peke yake. Inahitaji pia kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, ambayo seli zake nazo hupungua kadiri ugonjwa unavyoendelea. Kwa hiyo levodopa inaweza kurefusha hatua na kulegeza mwili uliokakamaa bila kuurudisha mzani wa mwili. Kuiongeza tu bila kujua anguko limetokana na nini kunaweza kuishusha presha zaidi na kuleta anguko la tano.

Benzhexol, kwa upande wake, hufanya kazi kwa kuizuia hiyo hiyo asetilikolini. Kwa kijana mwenye mtetemeko mkali inaweza kufaa. Kwa mzee wa miaka 74 huleta kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo unaokwama, kusahau, na wakati mwingine kuona watu wasiokuwepo. Mwombe daktari aangalie kama bado inahitajika. Msiikate ghafla, hupunguzwa hatua kwa hatua.

Dawa ambayo nisingeisubirisha hadi kliniki ni Stugeron. Jina lake la kitaalamu ni cinnarizine. Maduka mengi huitoa kwa kila kizunguzungu, na kwa kizunguzungu cha sikio ina kazi yake. Lakini huziba milango ambayo dopamini hupitia ili kufanya kazi kwenye ubongo. Levodopa inaleta maji, Stugeron inafunga bomba. Inaweza hata kumletea mtu asiye na Parkinson dalili zinazofanana nayo kabisa. Angalia tarehe zako mwenyewe: amekuwa nayo miezi mitatu, na kuanguka kumeanza miezi miwili iliyopita. Sisemi ndiyo sababu pekee, lakini mpigie simu daktari wake kesho, umwambie mzee anaimeza na uombe aiache. Msishangae nafuu isipoonekana siku ya pili. Madhara yake huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kuondoka.

Halafu, je, kizunguzungu chenyewe kilikuwa cha sikio? "Macho yaliingia giza" alipoinuka kitandani ni maneno ya mtu ambaye damu haikufika kichwani kwa wakati. Mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Kwa kawaida mishipa hukaza mara moja na kuirudisha juu. Parkinson huharibu pia neva zinazoikaza mishipa hiyo. Ongeza levodopa, ambayo huteremsha presha. Ongeza amlodipine, ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa. Ongeza usiku mzima bila maji. Presha ya namna hii haionekani mtu akipimwa ameketi, na dukani au kliniki mara nyingi hupimwa hivyo hivyo.

Ipimeni wenyewe, kwa mashine ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, alfajiri kabla ya vidonge. Alale chali dakika 5, pima na uandike. Asimame, mtu mmoja akiwa ubavuni mwake, pima tena dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo limethibitika. Rudieni siku nyingine saa moja baada ya kidonge cha mchana. Siku tatu za vipimo vya namna hii zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa kuwa ndizo zitakazomwambia kama amlodipine ipunguzwe, ibadilishwe au iachwe. Msiiache wenyewe. Wagonjwa wengi wa aina hii presha yao hushuka wakisimama na kupanda wakilala, na pande zote mbili lazima zipimwe.

Huko kupanda wakati amelala ndiko pia kunakomwamsha kwenda haja ndogo. Presha ikiwa juu usiku, figo humwaga chumvi na maji, kibofu kinajaa, na asubuhi mwili umekauka zaidi ya ulivyolala. Kwa hiyo inueni upande wa kichwani wa kitanda: wekeni matofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu miwili ya kichwani, sentimita 15 hadi 20, na hakikisheni haviteleshi. Mito mingi haifanyi kazi hiyo, kwa sababu hukunja shingo tu huku mwili ukibaki umelala. Chai na kahawa zisivuke alasiri. Chakula kizito cha usiku nacho huvuta damu tumboni, basi ugali mkubwa uhamie mchana na usiku apate kidogo.

Sasa saa. Hili ndilo ambalo familia nyingi hazijawahi kuelezwa, na naona ndilo kiini cha swali lako. Levodopa haikai mwilini muda mrefu. Nusu yake huondoka kwenye damu ndani ya saa moja na nusu hivi. Ugonjwa ukiwa mchanga, seli zilizobaki huweka akiba kidogo, kwa hiyo mgonjwa haoni kidonge kikiisha. Baada ya miaka kadhaa akiba haipo tena. Baba humeza saa 2 usiku. Saa 10 na nusu alfajiri zimepita saa nane na nusu. Anainuka kitandani akiwa karibu hana dawa kabisa. Jikoni alikwama saa 7 mchana, saa 6 baada ya kidonge cha asubuhi. Yaani mara tatu kati ya nne ameanguka dawa ikiwa imekwisha. Hapo kinachohitajika huenda si dawa nyingi zaidi kwa mara moja, bali vipimo vilivyokaribiana zaidi, na pengine aina inayotoka polepole wakati wa kulala. Nenda kwa daktari na saa hizo zimeandikwa, na swali liwe: "Je, tunaweza kugawanya mara nne au tano, na cha kwanza kiwe alfajiri?"

Na kwa nini anameza akishamaliza kula? Pengine aliambiwa hivyo ili asichefuke. Tatizo ni kwamba levodopa hufyonzwa kwenye utumbo kwa kupitia mlango ule ule wa chembe za protini, na ubongoni hali ni hiyo hiyo. Samaki, nyama, maharage, maziwa: vyote hugombania mlango. Tumbo lililojaa nalo hukichelewesha kidonge kufika kwenye utumbo. Kipimo kilekile kinaweza kufanya kazi vizuri zaidi kikimezwa nusu saa kabla ya kula, au saa moja hivi au zaidi baada ya kula, kwa maji. Asiache protini, anazihitaji sana. Zitenganishwe tu na kidonge. Kichefuchefu kikija, biskuti kavu mbili au uji mwepesi usio na maziwa husaidia. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vitenganishwe na levodopa kwa saa 2. Mjulishe daktari kabla ya kubadilisha, kwa kuwa kidonge kinachofyonzwa vizuri huwa kama kipimo kilichoongezwa: mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga wenyewe, au presha kushuka zaidi.

Kuna mmea ambao wasomaji wa pwani wanaujua kwa kuwasha: upupu. Mbegu zake kweli zina levodopa, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini kiasi hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na baba tayari anameza levodopa iliyopimwa. Msichanganye.

Basi alfajiri iwe hivi. Kabla ya kulala, mezani karibu na mkono wake pawe na chupa ya kukojolea yenye mdomo mpana, taa ndogo ya betri, na glasi mbili za maji. Akiamka aketi ukingoni mwa kitanda, miguu imekanyaga chini, dakika 2 au 3, akipiga visigino na kukunja vidole ili misuli ya miguu isukume damu juu. Akojoe hapo hapo, ameketi. Anywe glasi mbili, kama nusu lita, ndani ya dakika chache. Maji kwa kiasi hicho hupandisha presha ndani ya dakika 10 hadi 30. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, kiasi hicho kiamuliwe na daktari. Daktari akiruhusu kidonge cha alfajiri, amezee maji hayo hayo. Asubiri nusu saa ameketi, ndipo ainuke kwa ajili ya udhu. Itabidi aamke mapema kidogo kuliko alivyozoea, lakini atakwenda bafuni akiwa na dawa na presha, si bila vyote viwili.

Bafu lenyewe: udhu achukue ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mpira miguuni. Viti vyepesi vya plastiki huteleza na kufunguka miguu kwenye sakafu yenye maji. Wekeni bomba la kushikilia, unene wa sentimita 3 hadi 4, lililofungwa kwa bolti ndani ya ukuta kwenye urefu wa kifundo cha mkono wake akiwa amesimama, moja pa kuingilia na moja kando ya choo. Kigingi cha taulo na sinki si vishikio, vitang'oka naye. Choo kikiwa cha kuchuchumaa, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu yake: urefu wa goti lake, karibu sentimita 45, chenye mikono, na miguu iliyopanuka kuliko kikalio. Kandambili ziondoke kabisa. Avae kiatu chepesi kilichofunika kisigino. Kikoi kisivuke kifundo cha mguu. Mikeka midogo njiani ikunjwe.

Mlango wa jiko unahitaji maelezo yake. Miguu huganda zaidi penye mlango, kona, nafasi finyu, na mtu anapoharakishwa. Tunaita kuganda kwa sababu nyayo huwa kama zimegandishwa sakafuni huku kiwiliwili kikiendelea mbele. Ile njia ya ndani ya ubongo, ya kutembea bila kufikiri, imekatika. Lakini njia nyingine, ya kutembea kwa kufuata kitu unachokiona au kukisikia, bado ipo. Kwa hiyo tumpe kitu cha kufuata. Bandikeni mistari ya utepe au rangi, upana wa sentimita 5, ikikingama njia, kila sentimita 40 hadi 50, kuanzia mita moja kabla ya kizingiti hadi mita moja baada yake. Mistari myeupe kwenye saruji ya kijivu, myeusi kwenye vigae vyeupe. Aikanyage au airuke mmoja mmoja. Mtaona tofauti inayoshangaza, wakati mwingine siku hiyo hiyo. Fanyeni vivyo hivyo kutoka kitandani hadi bafuni.

Akiganda, kosa la kwanza ni lake: kulazimisha kusonga. Kosa la pili ni letu: kumvuta mikono kutoka mbele, ambako humwangusha kifudifudi. Asimame kabisa. Visigino vishuke chini, kiwiliwili kinyooke. Aegemee mguu mmoja, kisha mwingine, kama anayeyumba kwa ngoma ya polepole. Ahesabu moja, mbili, tatu, na kwa tatu apige hatua moja ndefu. Wewe simama ubavuni, nyuma yake kidogo. Ikishindikana, weka mguu wako ukikingama mbele yake kama sentimita 20 na umwambie auvuke.

Kugeuka asigeuke kama pia ya kuchezea. Azunguke kwa duara pana, hatua baada ya hatua, kama lori linavyogeuka uwanjani. Na nyumba nzima, wajukuu wakiwemo, iwekeni sheria moja: babu akitembea haitwi, haulizwi, habebeshwi kikombe. Akiitwa, asimame kwanza, ashike kitu, ndipo ajibu. Hili halina gharama na lingelizuia anguko la nne.

Kifaa cha miguu minne ambacho jirani amekitaja, kile cha kunyanyua na kutua, nisingekinunua bado. Kila kunyanyua kunakata mwendo, na kukatwa mwendo ndiko kunakogandisha. Wapo wanaokinyanyua na kurudi nyuma nacho. Chenye magurudumu na breki za mkononi humfaa zaidi mwenye Parkinson ndani ya nyumba yenye sakafu laini, ila kwenye mchanga hukwama, na akiwa na hatua za kukimbilia mbele huweza kumkimbiza. Fimbo moja yenye mpira chini, urefu wake ukiishia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, inaweza kutosha. Uamuzi huo afanye mtaalamu wa fiziotherapia akimtazama akitembea, mara moja akiwa na dawa na mara moja imeisha.

Kumkalisha kitini ndio ushauri unaotolewa kwa upendo mkubwa na kuleta madhara makubwa. Miguu isiyobeba mwili hupoteza misuli ndani ya wiki chache, mifupa hudhoofika, choo hukauka, na hofu ya kuanguka hukua hadi mtu anaanguka kwa hofu yenyewe. Mazoezi ya mzani wa mwili yanasaidia. Mwaka 2012 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson ambao ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya tai chi, ya kichina yenye mwendo wa taratibu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Lazima niseme na upande wa pili: utafiti mkubwa wa Uingereza wa mazoezi ya nyumbani, uliochapishwa 2019, haukupunguza maanguko kwa wote. Wenye ugonjwa wa kati walielekea kufaidika. Wenye ugonjwa mzito walianguka zaidi. Kwa hiyo mazoezi ya baba yapangwe na mtaalamu, na mwanzoni asiyafanye peke yake.

La kuanza nalo salama ni kuinuka kitini. Ajisogeze ukingoni, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainame hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha ainuke bila kujivuta. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, kila siku, saa moja baada ya kidonge, kiti kikiegemea ukuta na wewe ukiwa kando.

Mifupa nayo isisahauliwe, kwa kuwa wenye Parkinson huwa na mifupa dhaifu kuliko wenzao wa umri huo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa (mbali na kidonge), na jua la asubuhi vinasaidia. Vitamini D peke yake haizuii kuanguka, ila mwenye upungufu anahitaji kutibiwa. Muulize daktari kuhusu dawa ya kuimarisha mifupa.

Akianguka tena, msimnyanyue kwa kumvuta makwapa. Aulizwe panapouma, asogeze mikono na miguu. Akiwa salama, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti, aweke mguu mmoja wenye nguvu mbele, ainuke, aketi. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na umegeukia nje, au hawezi kuukanyagia, huo ni mfupa wa nyonga hadi picha ithibitishe vingine: msimwinue, tafuteni gari la wagonjwa. Aliyegonga kichwa apelekwe siku hiyo hiyo akipoteza fahamu, akitapika, akichanganyikiwa au akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na hata baada ya wiki mbili au tatu, maumivu mapya ya kichwa, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa ni sababu ya kurudi hospitali, maana damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu la mzee.

Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akaanguka ovyo, akachanganyikiwa, msilaumu Parkinson. Ugonjwa huu hauendi mbio hivyo. Apimwe malaria, mkojo, kifua na maji mwilini. Levodopa isikatwe ghafla kamwe, hata akilazwa. Kukatwa kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakohatarisha maisha. Andikeni karatasi ya kukaa naye kila anakokwenda: saa za vidonge vyake, na maneno haya, "Ana Parkinson. Asipewe metoclopramide (Plasil), prochlorperazine, haloperidol, chlorpromazine wala cinnarizine." Kwa kichefuchefu, muulizeni daktari kuhusu domperidone, baada ya kuangalia moyo.

Ndani ya wiki hii mwone daktari wake na daftari la presha na saa za vidonge. Ombeni pia rufaa ya fiziotherapia, na kama kuna uwezekano daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, anayepatikana katika hospitali kama KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam. Safari hiyo ina maana. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, matokeo yao yakachapishwa 2008, walikuta wagonjwa wengi wa Parkinson ambao hawakuwahi hata kuambiwa wana ugonjwa gani. Baba anajulikana ana nini na ana dawa. Kinachokosekana ni marekebisho.

Msikiti umebaki. Aende. Kwa ratiba yake ya sasa adhuhuri humkuta dawa imekwisha, kwa hiyo sala hiyo aisali nyumbani kwanza. Alasiri humkuta saa moja na nusu au mbili baada ya kidonge cha saa 8, na hiyo ndiyo saa yake bora. Udhu achukue nyumbani ameketi. Kaka mmoja amsindikize, atembee ubavuni mwake bila kumzungumzisha. Viatu avue ameketi. Asali kwenye kiti mwisho wa safu, kiti kikiwa karibu na ukuta, kwa sababu kuinuka kutoka sijida ndiko kutakakomletea tena lile giza la macho. Mkishabadilishiwa saa za vidonge, hesabuni upya ni sala ipi nyingine inayoangukia wakati mzuri. Na Ramadhani ikikaribia, mwoneni daktari mapema, kwa kuwa mchana mzima bila kidonge hataumudu.